Imeunganishwa, Hakuna Intaneti

Nilipanda juu ya kreti la soda, koridoni,
Tandika, nyumba ya vyumba sita,
misumari miwili mdomoni, waya shingoni,
na Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, akauliza toka chini:
"Hicho kidude kinakula umeme kiasi gani?"
Kidogo, Bibi. Hakifikii taa ya choo.
"Ya choo nayo hamuizimi," akasema.

Nilipima kwa miguu, simu mkononi, nikihesabu vijiti:
vinne mlangoni kwangu,
vitatu kwa Kokubanza wa zamu za usiku,
viwili kwa Tusajigwe, ambaye cherehani yake ikikimbia
mawimbi nayo hutetemeka, au ndivyo anavyodai,
kimoja, cha kusuasua, kwa Nandonde,
na jikoni, nyuma ya mabati, sifuri.
Tofali la saruji halina huruma na kitu kisichoonekana.

Nikafungua ukurasa wa ndani kabisa, ule wa
moja tisa mbili, nukta, moja sita nane,
nukta sifuri, nukta moja,
nikizitamka kwa sauti kama mtoto wa chuoni.
Jina: admin. Neno la siri: admin.
Yaani kiwandani walitukabidhi nyumba
na ufunguo unaning'inia kitasani.

Jina la mtandao lilitula jioni nzima.
Nandonde alitaka SIMBA;
Tusajigwe, mtu wa Yanga, akasema bora alale gizani.
Tukauita UANI. Hakuna aliyelipenda, ndiyo maana likapita.
Neno la siri: kodi-tarehe-tano,
wazo la mwenye nyumba,
kila anayeingia akumbuke.

Vikaanza kuingia, kimoja kimoja,
kama wageni wa hitima wanaovua viatu:
simu ya Kokubanza yenye ufa wa kioo,
kompyuta ya Nandonde iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
televisheni ya Masudi, ambaye elfu tano yake hajaitoa,
printa yangu ya Kariakoo, iliyokataa mara saba,
ya nane ikakubali
bila kunieleza kosa langu lilikuwa lipi.
Na kifaa kimoja kisicho na jina.
Mpaka leo sijui ni cha nani.

Bi Mwanahawa akafungua pindo la kanga, akatoa kitochi.
"Na hii?"
Nikaigeuza, nikaigeuza.
Hii haina mlango wa kuingilia, Bibi.
Akaifunga tena pindoni bila neno.
Neno hilo nililala nalo mimi.

Tarehe ishirini na tatu bando likakata.
Kila kioo kikaandika: imeunganishwa, hakuna intaneti.
Masudi akagonga; asiyelipa ndiye wa kwanza kulalamika.
Nikamwambia, dunia imefungwa, nyumba iko wazi.
Na kweli: ripoti ya Nandonde, kurasa thelathini na moja,
zikatokea chumbani kwangu zingali za moto;
Kokubanza akamrushia Tusajigwe picha ya mshono;
tamthilia niliyoihifadhi ikachezwa vyumba vitatu,
tukasikia kilio kilekile mara tatu,
kimoja kikichelewa.

Saa tatu na robo, giza.
Luku.
Vijitaa vya kijani vikafumba, orodha ikawa tupu,
milango ikafunguka, kila mtu akamwuliza mwenzake
kama ni mtaa mzima au ni sisi.

Ni sisi.
Akaja na tochi ya kile kitochi,
akakiinua mbele ya macho, mbali kidogo,
akanisomea tarakimu ishirini, nne nne,
akipumzika kila kundi,
nami kwenye mita nikibonyeza,
vyumba vyote kimya nyuma yetu
hata Masudi.

Ikalia. Ikakubali.
Vikarudi, kimoja kimoja.

Asubuhi akaniuliza tena: kiasi gani?
Safari hii nilikaa na kalamu.
Elfu moja mia tano na kitu, kwa mwezi.
Nikamtilia elfu mbili mkononi.
Chenji, akasema, hana.